Alicheka, Nikadhani Ananidharau: Akili ya Hisia na Elimu ya Mtoto

Wasomaji wenzangu, nianze na kosa langu mwenyewe. Sisi tunaosoma ualimu tukirudi kutoka TP huwa tunasimulia mafanikio tu: darasa lilivyotulia, msimamizi kutoka chuoni alivyoridhika, wanafunzi walivyolia siku ya kuagana. Makosa tunayaacha hukohuko shuleni. Leo nalileta moja hapa, kwa sababu bila hilo nisingeielewa mada hii hata ningemeza madesa yote ya saikolojia ya elimu.

Mwaka jana nilipangiwa kufundisha Hisabati kidato cha kwanza katika shule moja ya sekondari ya kata. Darasa lilikuwa na watoto 74 na madawati hayatoshi. Wiki ya pili nikamwita mtoto mmoja anayekaa karibu na dirisha aje ubaoni kujumlisha sehemu mbili. Swali nililiuliza kwa Kiingereza, kama utaratibu unavyotaka. Akasimama, akanitazama, akacheka. Nikarudia swali. Akacheka tena, safari hii hadi meno yote yakaonekana, na darasa zima likaangua kicheko. Mimi, mwalimu wa siku tisa, nikahisi joto linanipanda kichwani. Huyu ananidharau, nikasema moyoni. Nikampeleka kwa mwalimu wa nidhamu.

Alichapwa. Kanuni za nchi yetu zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Siku ile hakuna kitabu kilichofunguliwa. Na hata wakati anachapwa, yule mtoto alikuwa bado anacheka.

Kuanzia hapo, kipindi changu kikifika nafasi ya dirishani inakuwa tupu. Vipindi vya wenzangu anaingia, changu haingii. Nikasema afadhali, darasa limetulia. Msimamizi alipokuja akakuta kweli limetulia, akanipa alama nzuri ya kumudu darasa.

Wiki ya saba ndipo mama mmoja anayefundisha Kiswahili pale, mwalimu wa siku nyingi, aliniambia huku anasahihisha madaftari, wala hakuinua kichwa: "Mwanangu, yule mtoto akiogopa anacheka. Hukumtazama macho?"

Sikuwa nimemtazama macho. Nilitazama meno.

Nilikuwa nimefaulu vizuri kozi za saikolojia, na nikashindwa kutofautisha hofu na dharau katika uso wa mtoto wa miaka 13. Uwezo nilioukosa siku ile una jina.

Akili ya hisia ni nini hasa?

Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika makala ya kitaaluma waliyoipa jina hilohilo, akili ya hisia. Hoja yao ilikuwa kwamba hisia si adui wa akili. Hisia ni taarifa, na kuna watu wanaoweza kuisoma taarifa hiyo vizuri kuliko wengine, kama vile kuna wanaosoma ramani vizuri kuliko wengine. Miaka mitano baadaye Daniel Goleman akaandika kitabu kilicholipeleka wazo hilo kwa watu wengi, na tangu hapo limekuwa neno la semina.

Mwaka 1997 Mayer na Salovey walilipanga wazo lao katika hatua nne. Ya kwanza ni kutambua hisia: kuiona usoni, kuisikia katika sauti, kuihisi katika mwili wako mwenyewe. Ya pili ni kuitumia katika kufikiri, kwa mfano kujua kwamba ukiwa na furaha unapata mawazo mapya na ukiwa na wasiwasi kidogo unakagua makosa vizuri. Ya tatu ni kuielewa: imetoka wapi, na ikiachwa itageuka nini. Ya nne ni kuiongoza, yako na ya mwenzako, ili isikupeleke isikotakiwa.

Sasa ukipima tukio langu kwa hatua hizo, utaona nilianguka katika hatua ya kwanza kabisa. Nilisoma vibaya, na kila kilichofuata kilijengwa juu ya kosa hilo. Ningeweza kuwa mpole, ningeweza kuwa mkali, isingesaidia, maana nilikuwa nashughulika na dharau ambayo haikuwepo.

Na hapa ndipo ninapoona tatizo la malezi na shule zetu kwa ujumla. Tunadai hatua ya nne bila kufundisha tatu za mwanzo. Mtoto akilia anaambiwa nyamaza. Akikasirika anaambiwa acha hasira. Akiogopa, hasa akiwa wa kiume, anaambiwa jikaze. Yote hayo ni maagizo ya kuongoza hisia, na hakuna aliyemuuliza hisia yenyewe ni ipi. Wahenga wamesema hasira hasara, na ni kweli tupu. Ila methali inakuonyesha shimo lilipo, haikufundishi kupita pembeni yake. Hiyo sehemu ya pili ilikuwa kazi ya mzazi na mwalimu, na wengi wetu hatukuipata.

Maneno tunayo, hatuyatumii

Kinachonishangaza ni kwamba Kiswahili chetu ni tajiri sana katika jambo hili. Hasira si sawa na kinyongo: hasira inaweza kuisha jioni, kinyongo mtu hulala nacho miezi. Haya si sawa na aibu: haya humzuia mtu kabla hajafanya jambo, aibu humkuta ameshafanya au ameshafanyiwa. Hofu ina kitu inachokiogopa, wasiwasi mara nyingi hauna. Kuna huzuni, majonzi, simanzi, fadhaa, hamaki, uchungu, wivu, kijicho. Lakini sikiliza darasani, au hata hapa hosteli. Tunatumia mawili matatu tu: nimeboreka, nimekasirika, niko poa.

Hili si suala la kupamba lugha. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu wazima picha za nyuso zenye hisia kali huku ubongo wao ukipimwa kwa mashine. Walipotakiwa kutaja jina la hisia waliyoiona, shughuli katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu, ilipungua. Kwa lugha ya mtaani, ukishaliita jambo kwa jina lake, linapoa kidogo.

Nilijaribu kwangu. Nikajiuliza, siku ile kwenye ubao mimi nilikuwa nahisi nini? Nilikuwa nimejiambia hasira, na hasira ni hisia yenye heshima kwa mwalimu. Nilipochimba nikakuta si hasira. Ilikuwa hofu. Watoto 74 walicheka, nikaogopa kwamba nimekwisha, kwamba kwa wiki zote zilizobaki nitakuwa mwalimu wa kuchekwa. Na yeye naye, aliyeulizwa kwa lugha asiyoimudu mbele ya wenzake, alikuwa anaogopa nini? Kuchekwa. Tulikuwa wawili tuliosimama mbele ya darasa moja na hofu moja. Mmoja wetu tu ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumpeleka mwenzake akachapwe.

Hisia na sehemu mbili za kujumlisha

Mdau mmoja wa uhandisi aliniambia kwenye kimbweta: "Kaka, hayo ni mambo ya ushauri nasaha. Hesabu ni hesabu." Namwelewa, lakini tuangalie jinsi kichwa kinavyofanya kazi.

Ili kujumlisha nusu na theluthi, mtoto anatakiwa ashike vitu kadhaa kichwani kwa wakati mmoja: asili mbili tofauti, kigawe chao kidogo, kiasi kipya cha kila sehemu, kisha jumla. Wataalamu huita nafasi hiyo kumbukumbu ya kazi, na ni ndogo kwa kila mtu, msomi na asiye msomi. Hofu ikiingia nayo inataka nafasi humohumo. Mtoto anaanza kufikiria nikikosea watanicheka, fimbo iko mezani, neno "denominator" ndiyo nini tena. Nafasi ya sehemu mbili inakwisha. Ukimuuliza swali lilelile kwa utulivu, kwa lugha anayoimudu, huenda akakujibu. Kwa hiyo mwalimu anayepima hesabu kwa mtoto mwenye hofu anapima hofu zaidi, halafu anaandika alama ya hesabu.

Kama huamini, kumbuka UE yako ya mwisho. Umepiga msuli usiku kucha, umeingia chumba cha mtihani, swali la kwanza hulijui, na ghafla hata la pili ulilolijua jana limepotea. Ukitoka nje tu, linarudi. Wewe una miaka 22 na hilo linakukuta. Yeye ana 13, na katika shule nyingi za kata ndiyo kwanza ametoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili.

Peremende na ahadi

Nyote mmesikia jaribio la peremende laini, marshmallow. Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa watoto wa shule ya awali. Mtoto anawekewa peremende moja, anaambiwa akisubiri hadi mtu mzima arudi atapata mbili. Waliosubiri muda mrefu walikuja kuonekana, miaka mingi baadaye, wanafanya vizuri zaidi shuleni. Goleman naye akalitia katika kitabu chake. Wengi tukajifunza kwamba kuna watoto waliozaliwa na subira na wengine hawana, basi.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester waliongeza hatua moja mwanzoni. Kabla ya peremende, mtu mzima aliwaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea. Kundi moja waliletewa kweli. Kundi la pili wakaambiwa samahani, kumbe havipo. Ndipo jaribio likaanza. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika 3. Mtoto aliyekula peremende haraka hakuwa mlafi. Alikuwa amepiga hesabu sahihi: huyu mtu haaminiki, nile nilichonacho. Na mwaka 2018 utafiti mwingine wa Marekani, wenye watoto zaidi ya 900, ulikuta kwamba uhusiano kati ya kusubiri na kufaulu baadaye ni mdogo kuliko ilivyodhaniwa, na ukizingatia hali ya familia unapungua sana.

Wakati huohuo Bettina Lamm na wenzake walikuwa wamelipeleka jaribio hilo kwa watoto wa miaka minne wa familia za wakulima wa Kinso, kaskazini magharibi mwa Kameruni, wakiwalinganisha na watoto wa mjini Ujerumani. Wa Kinso waliwekewa kitu kama andazi dogo la kwao. Karibu asilimia 70 walisubiri hadi mwisho, wengine wakasinzia kabisa. Wa Ujerumani waliosubiri walikuwa asilimia 28. Watoto wa kijijini, wasio na midoli wala vitabu vya hadithi vya bei, walikuwa na kile ambacho semina zinakiuza.

Ninachokiona katika haya ni kwamba uwezo wa mtoto kuongoza hisia zake haukai ndani yake peke yake. Unakaa pia katika watu wazima wanaomzunguka: wanatimiza wanachosema au hawatimizi, wanatarajia nini kwake, wanamwona au hawamwoni.

Na sisi tulilijua hili bila semina. Aliyecheza rede anajua kutoka nje ukipigwa na mpira, na kukaa pembeni ukisubiri wenzako wakukomboe. Aliyecheza kombolela anajua kushindwa mbele za watu na kuanza kutafuta upya. Pale ndipo tulipojifunza kununa, kununuliwa soda ya kupatanishwa, na kurudi mchezoni. Shule nyingi leo zinakata muda wa michezo ili kuongeza masomo ya ziada, halafu zinalalamika watoto hawana nidhamu.

"Mbona sisi tulichapwa na tuko chuo?"

Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na siipuuzi, maana hata mimi nilichapwa na niko chuo. Lakini tuhesabu vizuri. Wanaoisema hoja hii ni waliofika. Wale waliokimbia shule kwa sababu ya fimbo au kwa sababu ya kuchekwa hawako kwenye kimbweta kutujibu. Na sisi tuliofika, tumefika na nini? Tazama tunavyopokea sapu: mmoja anajifungia chumbani siku tatu, mwingine anamtukana mhadhiri kwenye grupu, mwingine bumu lote linaishia kwenye pombe. Tazama kazi za kikundi zinavyovunjika kwa sababu ya neno moja. Tazama vijana wanavyoachwa na wapenzi wao wakakosa hata mtu wa kumwambia inauma. Tulijikaza kama tulivyoagizwa. Hatukufundishwa kingine.

Hoja ya pili ni ya ukubwa wa madarasa, na hii ina uzito zaidi. Mwalimu mwenye watoto 74 hawezi kukaa na kila mmoja. Ni kweli. Lakini akili ya hisia haihitaji kipindi kipya kwenye ratiba. Mwaka 2011 Joseph Durlak na wenzake walikusanya tathmini za programu 213 za kufundisha stadi hizi mashuleni, nyingi zikiwa za Marekani, zenye wanafunzi zaidi ya 270,000. Waliofundishwa walipanda pia katika masomo ya kawaida kwa takriban nafasi 11 kati ya 100. Yaani mtoto aliyekuwa katikati kabisa, wa 50, anasogea karibu na 61. Na programu zilizoendeshwa na walimu wa darasani wenyewe zilifanya kazi, haikulazimu aje mtaalamu kutoka nje.

Kwetu pia njia imeshaanza. Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 uliweka kuhusiana kuwa miongoni mwa umahiri wa kujengwa kwa mtoto. Mabula Nkuba na wenzake waliwapa walimu wa sekondari hapa Tanzania mafunzo ya kuwasiliana na wanafunzi bila ukatili, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba ukatili wa walimu, wa fimbo na wa maneno, ulipungua katika shule zilizopata mafunzo hayo.

Nisikilizwe vizuri hapa. Sisemi akili ya hisia inazidi elimu ya darasani, kama baadhi ya vitabu vya uhamasishaji vinavyodai. Mtoto anayejua hisia zake lakini hajafundishwa sehemu, hajui sehemu. Wala sisemi mtoto aachiwe afanye atakavyo. Mama yule wa Kiswahili ndiye mwalimu mkali kuliko wote niliowaona pale. Watoto walimwogopa kidogo na walimwamini sana, na tofauti yake na mimi ni kwamba yeye kabla ya kuadhibu anauliza.

Nilichofanya, na kilichobaki

Kwa wenzangu mnaojiandaa kwenda TP, haya ndiyo machache niliyoanza kuyafanya siku zangu za mwisho. Nilikuwa nikiuliza swali, nahesabu moyoni hadi tano kabla ya kumtaja wa kujibu. Aliyekwama nilimfuata kwenye dawati nikamuuliza kwa Kiswahili, taratibu, kabla ya kumpeleka ubaoni. Nikiahidi kurudisha madaftari Jumatano, yanarudi Jumatano. Na nikihisi joto linapanda kichwani, naliita kwanza jina lake kabla sijafungua mdomo. Hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

Yule mtoto nilimkuta bombani akichota maji ya kumwagilia bustani ya shule. Akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," huku anarudi nyuma hatua moja. Nikamjibu, kisha nikamwambia: "Siku ile nilikosea. Nilidhani unanidharau. Samahani." Nikamwambia pia kwamba akija darasani sitamwita ubaoni hadi yeye mwenyewe aniambie yuko tayari.

Akacheka. Kicheko kilekile, meno yote. Safari hii nilimtazama macho, na yalikuwa hayajatulia.

Alhamisi alikuja. Akakaa dirishani, akaandika kila kitu, hakunyoosha mkono hata mara moja. Sikumwita. Wiki iliyofuata TP ikaisha, nikapanda basi. Wiki tano za Hisabati alizozikosa kwa ajili yangu sikumrudishia, na sijui kama alinisamehe au alikuja tu kuona kama nitatimiza ahadi. Ninachojua ni kwamba nilitimiza. Nenda nawe ukatazame macho kwanza.